Mbuzi wa Koko na Vifuniko vya Soda

Sharon, yule anti mpya wa kumsaidia mwalimu wa PP1, darasa la chini la nasari, ndiye amenisukuma niandike. Aliniambia siku ile ya kuniaga, tukiwa tunaosha vikombe, "Anti Kalekye, wewe ukienda na hayo mambo yote kichwani, sisi tutauliza nani?" Nikamwambia amuulize Mwalimu Damaris. Akasema Mwalimu Damaris atampa ya kitabu, na yeye anataka ile ya mtoto aliyeachwa kwa mbuzi. Basi hiyo ndiyo nitaandika, lakini mtanivumilia, kwa sababu mimi nikianza safari ya Kajiado hupitia Machakos.

Niseme mapema kwamba shule niliachia darasa la nne, na hiyo ya nne sikuimaliza. Mkiona herufi imekaa vibaya mwiache hapo, maana yake mtaipata. Mambo ya mshahara siandiki, kwa sababu hakuna la kuandika. Cheo nilikuwa nacho kimoja tangu nilipoingia hadi nilipotoka, nacho ni Anti. Wazazi waliniita Anti, walimu Anti, hedi Anti, mpaka mume wangu akaanza. Huyo nilimkataza. Nilimwambia mimi si shangazi yake.

Nilikuja hapo shuleni kuuliza kazi ya kufua mapazia. Wakati huo shule ilikuwa mabati matupu, na Kitengela ilikuwa inaishia karibu na sisi. Nyuma ya fensi kulikuwa nyasi na pundamilia, na saa ya uji ungeona watoto wamepanga vikombe kwa fensi wakiwaonyesha pundamilia, kana kwamba nao watakuja na cha kwao. Siku hizi hapo ni maghorofa na duka la vigae. Mapazia ya kufua hayakuwako. Hedi wa wakati huo, mwalimu mkuu, akaniangalia mikono, akasema, "Unaogopa watoto?" Nikasema siogopi. Akasema, "Utaogopa," na akanipeleka nasari kwa Mama Tabitha.

Mama Tabitha alikuwa anti kabla yangu, mama mmoja mkubwa wa mwili ambaye hakuwahi kukimbia hata mara moja, na hakuna mtoto aliyewahi kumkimbia akafika. Siku hiyo ya kwanza nikaumwa mkono na kijana mmoja mdogo. Meno yakaingia. Nilidhani nitafukuzwa kwa sababu nilipiga kelele kuliko mtoto. Mama Tabitha akaangalia alama, akasema, "Huyo amekupenda. Jana alikuwa anauma meza." Halafu akanifundisha kitu ambacho nawaachia nyinyi, na kama mtasahau mengine yote, shikeni hiki: mtoto anayelia usimwambie nyamaza. Kaa karibu yake, usimwangalie, na uanze kufungua fundo la kamba ya kiatu. Fundo gumu. Pambana nalo kama mtu mwenye shida. Atalia, atapunguza, halafu atasongea kuona kama umeshinda. Ndiyo maana kwa mfuko wa aproni yangu hakukosi kamba ya kiatu yenye mafundo. Kulikuwa pia pini, kitambaa cha maji, na mswaki wa zamani wa kutoa udongo wa kufinyanga kwa kucha. Ule udongo wa rangi wa dukani wanakula, msishangae. Wa buluu ndio wanapenda. Mtaujua siku ya pili.

Kifaa chetu kikubwa kilikuwa kifuniko cha soda. Mimi mwenyewe nilikuwa nazunguka kwa hoteli za mjini jioni na mkebe, wenye hoteli wakidhani nakusanya vyuma vya kuuza. Tulikuwa tunaviosha kwa maji moto, tunavipiga kingo na jiwe zisikate vidole, vingine tunatoboa na msumari tunavitia kwa waya. Mtoto akajifunza kuhesabu hapo, akajifunza rangi hapo, akaandika jina lake kwa vifuniko huko nje kwa mchanga. Halafu mtaala mpya wa serikali, CBC, ukaja, wazazi wakaanza kulalamika ati kila siku wanaambiwa walete boksi, walete chupa, walete majani makavu. Mimi na Mama Tabitha tulicheka. Sisi tulikuwa tunafanya hayo kwa sababu hakukuwa na kingine, kumbe tulikuwa mbele ya serikali.

Matembezi nayo tulianza na ya karibu. Ya kwanza niliyoenda ilikuwa posho mill, nyumba ya tatu kutoka geti. Mwalimu alitaka waone mahindi yakiingia na unga ukitoka. Waliona. Msichana mmoja akazunguka ile mashine pande zote, akarudi kwa mwenye mashine, mweupe kwa unga mpaka kope, akamuuliza, "Na ugali inatokea shimo gani?" Yule mzee akafikiria vizuri, kwa heshima, akasema, "Hiyo mashine iko kwa mama yako." Tuliporudi nilipangusa unga kwa masikio hadi saa ya kwenda nyumbani. Kwa hivyo posho mill mwende na leso za kufunga kichwa.

Na sheria za matembezi ni hizi, nilizipata kwa Mama Tabitha na sijaona sababu ya kuzibadilisha: wote wakojoe kabla, hata anayesema hana. Wawili wawili, mkono kwa mkono. Biskuti zisitoke mkiwa kwa basi. Na mwalimu ahesabu vichwa wakipanda na wakishuka. Hiyo ya mwisho ndiyo ilitufikisha kwa mbuzi.

Mama Tabitha alirudi kwao Kitui, nikabaki, walimu wakaja wakaenda, na mwishowe akaja Mwalimu Damaris. Alikuwa msichana mdogo bado, ana mtoto mmoja, na alikuwa na kitu ambacho chuo hakitoi: akikosea mbele ya watoto anasema, "Ai, mwalimu amekosea," na anaendelea. Darasa lake watoto hawakuogopa kukosea. Nilimpenda.

Mwaka huo ndio Nasieku aliletwa PP2. Alikuwa amelelewa na koko wake, yaani nyanya yake, huko ndani kupita Isinya, na sasa baba yake alimchukua akae naye mjini asome. Mama yake alikuwa Loitokitok kwa biashara ya nyanya na vitunguu, akija ni mara moja moja. Baba alikuwa na buchari, duka la nyama, hapa Kitengela. Kazi yake ni kununua mbuzi soko ya Kajiado, kuwaleta na kuchinja, na kila asubuhi alimfikisha mtoto getini na gambuti zake za mpira, bila maneno mengi.

Huyo msichana alijua vitu. Alifungia wenzake viatu. Alichora ng'ombe ukamjua ni jike. Alizungumza Kimaa, Kiswahili, na Kiingereza cha kutosha kuomba ruhusa ya choo. Wimbo akisikia mara moja ameshika. Lakini ukimwambia ahesabu, anafunga mdomo kama mtu aliyeshika maji ndani. Tuliimba ule wimbo wetu wa asubuhi wa kuhesabu watoto walioko, kila mmoja akiguswa kichwa, na Nasieku alikuwa anaenda kusimama nyuma ya mlango. Tukasema ana haya tu. Tulimpa picha, "Watoto hawa ni wangapi?" Kimya. Kuku? Kimya.

Mwalimu Damaris akakaa na mimi saa ya uji, akasema, "Anti, huyu mtoto ametoka kwa mbuzi, na sisi tunampa kuku wa picha. Tumletee mbuzi."

Tukafanya kazi nzuri sana, na mpaka leo nasema ilikuwa nzuri. Tulichukua vifuniko tukapaka rangi, vingine vyeusi, vingine vyeupe, vingine madoadoa, kila kimoja na macho na pembe. Tukajenga boma ya vijiti juu ya karatasi ya manila, tukaweka kisahani cha maji. Watoto walipigania hiyo boma. Nasieku alipoiona alicheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka. Akakaa chini, akapanga wale mbuzi, wadogo karibu na mama zao, dume mmoja akamweka pembeni akasema huyo ni mkorofi. Akawapeleka kwa maji, akawarudisha.

"Vizuri sana," Mwalimu akasema. "Sasa Nasieku, mbuzi wako ni wangapi? Moja..."

Mtoto akavua sweta akafunika boma yote.

"Wacha uchoyo, wewe," akasema kijana aliyekuwa karibu. "Ni vifuniko tu."

"Si wako," Nasieku akamwambia, na hakutoa sweta.

Tulijaribu na mbuzi hao kila siku. Kila siku alicheza nao, na kila tukifika kwa hesabu anafunika. Sasa hedi wetu si mtu mbaya, lakini ni mtu wa mstari. Akasema, na akamwambia baba mbele yetu, kwamba mtoto asiyeweza kuhesabu hadi ishirini mwisho wa muhula hapandi gredi ya kwanza, anarudia.

Baba Nasieku akaangalia gambuti zake. Akasema, "Akirudia, namrudisha kwa koko. Akomae kwanza. Huko kuna mbuzi, hatakosa kazi."

"Ni mwaka mmoja tu, baba," Mwalimu Damaris akamwambia.

"Mwalimu, kama hii kichwa haishiki, haishiki. Sitamlazimisha apigwe."

"Hapa hatupigi."

"Sawa," akasema, kama mtu ambaye amesikia hiyo mahali pengine.

Mimi nimekaa Kitengela muda mrefu, na hao wa kukomaa kwanza nawajua. Mtoto akirudi huko, mwaka unakuwa miwili, akija tena amepita dawati kwa urefu na wadogo wanamcheka, anaacha. Na akiwa msichana, akikomaa huko kuna mambo mengine yanamngojea ambayo si ya kalamu. Mwalimu Damaris alijua pia. Siku hiyo alivunja chaki mbili ubaoni.

Ndiyo akatoa wazo la matembezi. Tulikuwa kwa somo la wanyama wa nyumbani, akasema badala ya kwenda kuona ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa, wa mtu amefungwa, twende kwa koko wa Nasieku. Alitaka kumwona huyo mtoto kwao, aone kama mbuzi wa kweli watafungua kile vifuniko vimeshindwa kufungua. Baba akakubali, akampigia koko simu. Kanisa likatupa basi.

Nitaruka njia, isipokuwa niseme kwamba watoto wawili walitapika na biskuti zilikuwa zimetoka mapema. Sheria nimeandika hapo juu.

Koko alitungojea nje ya boma, mama mwembamba mrefu, shuka imefungwa vizuri, simu imening'inia shingoni na shanga. Nikamwamkia, "Takwenya," akaitika, "Iko," na akaendelea kwa Kimaa mpaka akaona uso wangu, akarudi Kiswahili. Watoto wetu wa mjini wakataka kumpa mkono. Nasieku akatangulia, akamwinamishia kichwa, koko akamgusa utosini. Wengine wakaona, wakafuata, kila mmoja akiinama na kuguswa, hata wale wakorofi. Abdi alikuwa wa mwisho. Abdi ni mtoto wa wale watu wa Garissa wenye duka la nguo karibu na stendi, mtoto mpole, unaweza kukaa naye siku nzima usisikie sauti yake. Alipoguswa alibaki ameinama, koko akamwinua kidevu akamcheka.

Waliona kila kitu. Waliona ndama, wakaona maziwa yakikamuliwa kwa kibuyu, wakaingia nyumba ya udongo wakatoka, wakaingia ya mabati wakaona sola. Kulikuwa na binamu mdogo wa Nasieku, Lemayian, umri wao, alikuwa anamfuata Nasieku akishikashika ile sweta yake ya shule. Nasieku akaivua akamvalisha. Abdi akapata mwana mbuzi wa siku chache, akakaa naye kwa kivuli, na hapo tukamsahau.

Saa sita mbuzi wakaletwa kunywa maji. Vumbi kwanza, halafu kengele, halafu wenyewe. Watoto wakapiga makofi. Mwalimu Damaris aliona hii ndiyo saa aliyokuwa anangojea. Akasimama mbele, akasema, "Haya watoto, tuhesabu mbuzi wa Koko. Vidole juu. Mooja..."

Darasa zima likanyoosha vidole. "Mbiili. Taatu."

Nasieku akakimbia katikati ya mbuzi na vidole, akatanua mikono. Na koko akaja na fimbo yake, si ya kupiga mtu, ya kusukuma mbuzi, akawageuza wakatawanyika, ikawa huwezi kuhesabu tena hata ukitaka.

"Nani amewaambia mhesabu?" akauliza.

"Ni mimi, Koko," Mwalimu Damaris akasema. "Ni masomo tu."

"Unataka kununua?"

"Hapana, Koko."

"Sasa unahesabu ya nini?"

Mwalimu akaniangalia. Mimi nikaangalia basi. Koko akaona hatujui kitu, hasira ikashuka. Akatuambia, polepole, vile unaambia mtoto wa mtu mwingine: "Mbuzi hahesabiwi. Mtoto hahesabiwi. Ukisema niko na hii na hii, umeita kitu kibaya kije kipunguze. Hii nimemfundisha Nasieku akiwa mgongoni."

Wamasai wengi wa mjini siku hizi wanahesabu, msije mkasema Anti amesema vinginevyo. Baba Nasieku mwenyewe sokoni anahesabu, na wengine wanahesabia kwa simu. Lakini koko huyu alikuwa wa zamani, na msichana alikuwa wa koko.

"Sasa mmoja akipotea unajuaje, Koko?" Mwalimu akauliza, na alikuwa anauliza kwa kutaka kujua.

"Wewe nyumbani unahesabu watoto wako?"

"Niko na mmoja."

"Hiyo rahisi," koko akasema. "Mimi naangalia. Pale yule wa sikio refu husimama, hakuna mtu. Basi najua."

Mwalimu Damaris akawaangalia mbuzi. Halafu akauliza kitu ambacho mimi singefikiria, na ndiyo maana yeye ni mwalimu. "Koko, na mawe? Mawe yanahesabiwa?"

Koko akamwangalia kama anamhurumia. "Mawe hesabu mpaka uchoke."

Tukaangaliana, mimi na Mwalimu, na tukafikiria vile vifuniko vyetu, na zile pembe tulizozichora kwa bidii.

Saa ya kuondoka Mwalimu hakutaka tena kuhesabu watoto mbele ya koko. Akawapandisha basi bila wimbo, bila kugusa vichwa, akasimama mlangoni akahesabu kwa macho, haraka, midomo imefungwa. Ikatimia. Akamwambia dereva twende. Mimi nilikuwa nyuma, nimemshikia mfuko yule mtoto wa kutapika.

Tulikuwa karibu kufika lami Nasieku aliposimama.

"Abdi hayuko," akasema.

"Hesabu iko sawa, mamangu. Keti tusianguke," Mwalimu akamwambia.

Hakuketi. "Abdi hayuko. Na huyu ni Lemayian," akasema, na hakuonyesha kwa kidole, alionyesha kwa kidevu. Kwa kiti cha tatu, karibu na dirisha, ndani ya sweta ya shule yetu, alikuwa ameketi Lemayian, anakula biskuti yetu, ametulia kama mwenye basi.

 Mwalimu Damaris akashika kiti. Watoto wakaanza kusimama kuangalia, na dereva wa kanisa, mzee ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akasema, "Madam, tunarudi au tunaendelea na huyu?" Akageuza bila kungoja.

Njia yote ya kurudi Mwalimu alisimama karibu na dereva, na nilimsikia akisema jina la Abdi pole pole. Mimi nilifikiria baba yake na duka la nguo, na nitamwambia nini. Nilifikiria pia barabara, na lori za Namanga, kama mtoto ameamua kutufuata kwa miguu.

Abdi alikuwa ameketi pale pale kwa kivuli na mwana mbuzi wake magotini, na koko ameketi kando yake. Alikuwa na kikombe cha maziwa na masharubu meupe. Hakuwa amelia. Nafikiri hakuwa amejua kwamba tumeenda.

Koko hakuinuka. Alituacha tushuke wote, tukimbie wote, tumshike mtoto wote. Ndipo akasema, "Mmeniachia mmoja na mmenibebea mmoja. Hii ni biashara gani? Na huyu wenu ni mnono. Mimi sikuwa nalalamika."

Mwalimu Damaris akaketi chini kwa vumbi na suruali yake nzuri, akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, mimi sikuweza kutenganisha. Koko akamgusa kichwa. Halafu akamuuliza Nasieku kitu kwa Kimaa, na Nasieku akajibu. Nikamuuliza baadaye koko alisema nini. "Aliuliza nilijuaje," Nasieku akasema. "Nikamwambia nyuma yangu, pale Abdi alikaa tukija, hakuna mtu anapumua."

Jumatatu hatukuleta vifuniko. Saa ya uji nilikuwa nachagua maharagwe ya jikoni kwa ungo, kutoa mawe, kama kila Jumatatu. Mwalimu Damaris akamleta Nasieku akaketi karibu na mimi. Hakumwambia kitu. Mtoto akachagua na mimi, akaangalia ungo, akauliza:

"Hii ni nini?"

"Maharagwe."

"Si mbuzi?"

"Si mbuzi. Si watu. Ni ya chakula cha mchana."

Akaangalia mlango, akaangalia Mwalimu, akaweka kidole kwa moja. Alianza pole pole, halafu ikawa ni kama maji yametafuta njia yakapata. Kumi ikapita, ishirini ikapita, na hatukuwa tumemfundisha zaidi ya hapo, lakini gredi ya pili wako ng'ambo ya ukuta na wanahesabu kwa kelele, kumbe alikuwa anasikia. Mimi sikumaliza maharagwe hayo. Chakula siku hiyo kilichelewa na mpishi aliniambia maneno.

Kuhusu kuhesabu vichwa kwa matembezi, nyinyi bado mhesabu, hedi anataka na ana haki. Lakini mkimaliza, kila mtoto aseme jina la aliyemshika mkono. Tulianza hiyo mwaka huo. Inachukua muda, basi linachelewa, na sijasikia mzazi amelalamika.

Mwisho wa muhula hedi alimwita Nasieku ofisini na picha zake za kadi, mbuzi kwa kadi moja, watoto kwa nyingine. Mwalimu Damaris akaingia naye, akaweka mezani kikombe cha maharagwe. Akasema, "Madam, hesabu ni ile ile. Naomba atumie hizi." Akamweleza kwa nini. Hedi akasikiliza mpaka mwisho, akazigeuza zile kadi uso chini, akasema, "Haya." Mimi nilikuwa nje napangusa dirisha ambalo halikuwa na uchafu. Niliona mdomo wa mtoto ukienda, na niliona hedi akitikisa kichwa kwamba yatosha, na mtoto haachi.

Jioni baba alikuja getini na gambuti zake. Tulimleta darasani tumwambie huko. Mwalimu akamwambia, "Anapanda." Akamwambia na sababu yote, mbuzi, sweta, maharagwe.

Yule baba akatugeuzia mgongo. Tulidhani amekasirika tuliingilia mambo ya kwao. Halafu akasema, akiangalia ukuta, "Mimi niliacha shule kwa hiyo. Darasa la kwanza. Mwalimu alichora ng'ombe ubaoni akasema nihesabu. Nilichapwa siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu sikuenda. Nyumbani nilisema kichwa haishiki." Akapangusa mikono kwa koti. "Kuhesabu nimekuja kujifunzia buchari, mtu mzima."

 Nasieku alikuwa ameshamwaga maharagwe kwa meza yake. Akavuta kiti kingine, vile viti vyetu vya PP2, akakipigapiga, na baba yake akaketi, magoti yakafika kifuani, gambuti zikajaa chini ya meza.

"Sema na mimi," mtoto akamwambia.

Na huyo mtu, ambaye kila wiki anasimama soko ya Kajiado akihesabu mbuzi mbele ya watu wasio na mchezo, akasema moja, akasema mbili, kwa sauti ndogo, akimfuata. Walipofika kumi na tatu alisema kumi na nne.

"Baba, umeruka," Nasieku akasema, akayakusanya yote pamoja. "Anza tena."

Akaanza tena.